Mfilisi, leithi na jina la mama

Barua yenyewe haikunifikia. Kilichonifikia ni picha yake, imepigwa kwa simu juu ya meza ya hoteli, kona moja imefunikwa na kidole gumba cha mzee aliyekuwa karani wetu wa bohari. Aliitupa kwenye kikundi cha WhatsApp cha sisi tuliowahi kufanya kazi pale kiwandani, saa nne usiku, bila kuandika neno. Kufikia saa tano kikundi kilikuwa kinawaka moto.

Neno lililowasha moto lilikuwa moja tu: mfilisi. Barua ilisema mpango wa pensheni wa kampuni utafungwa, na kwamba wadhamini watateua mfilisi wa kuushughulikia. Mtu wa kawaida akisikia mfilisi anaona dalali na nyundo yake, anaona kochi likitolewa mlangoni watoto wakitazama. Mmoja aliandika "Inna lillahi". Mwingine akatuma picha ya jeneza. Wa tatu, ambaye tangu zamani alikuwa na maneno mengi kuliko kazi, akasema alijua toka mwanzo, na kwamba mkurugenzi ameonekana uwanja wa ndege.

Sikulala vizuri. Nilikaa sebuleni nikikuza ile picha kwa vidole viwili, nikisoma mstari kwa mstari, mpaka nilipofika kwenye kidole gumba cha mzee. Maneno yaliyofichwa chini yake, nilikuja kujua kesho yake, yalikuwa ndiyo muhimu: tarehe ya mwisho ya kuchagua.

Nieleze kidogo. Mimi ni fundi wa mitambo. Niliingia kile kiwanda cha hapa Nakuru, upande wa Industrial Area, mwaka 2000 nikiwa na miaka 22, nikatoka 2014 walipopunguza wafanyakazi. Jina la kiwanda nitaliacha. Kuna watu bado wanalishia watoto pale. Miaka yote hiyo nilikatwa asilimia 5 ya mshahara kwenda pensheni, mwajiri akiweka asilimia 10. Sikuwahi kuuliza zinakokwenda. Kwenye hati ya mshahara ulikuwa mstari mmoja kati ya mistari mingi ya kunipunguzia, nami niliuchukia kama ile mingine.

Nilipotoka nilichukua kile sheria ilichoniruhusu kuchukua. Nikanunua mashine ya kuchomelea na pikipiki. Mashine ya kuchomelea ninayo hadi leo. Pikipiki ilikaa miaka miwili, ikaondoka na kijana niliyempa aendeshe aniletee mia tatu kila jioni. Nasikia iko Kuresoi. Pesa zilizobaki ndani ya mpango, shilingi 318,000, zilifungwa mpaka nifikishe umri. Nikazisahau kama mtu anavyosahau jembe alilomwazima jirani.

Siku hizi nina karakana yangu Kaptembwa, mabati manne na kivuli cha mti. Natengeneza mashine za kukatia nyasi za ng'ombe, wateja wangu wanatoka Njoro, Molo, Bahati, na posho mill, zile mashine za kusaga mahindi, zikiharibika mitaani huletwa kwangu. Nina miaka 47.

Asubuhi nilimpigia mzee wa bohari. Yeye hana haraka ya mambo, hata enzi zile ukimwomba beringi alikuwa anamaliza chai kwanza. Akaniambia, "Kijana, soma tena. Imeandikwa mpango unafungwa. Haikuandikwa kampuni imefungwa. Hivyo ni vitu viwili."

Na kweli ni vitu viwili. Hili nililielewa polepole, kwenye mkutano ulioitishwa wiki mbili baadaye katika ukumbi wa hoteli kando ya Kenyatta Avenue. Tulikuja kama mia hivi. Wengine sikuwatambua mpaka wacheke. Kulikuwa na chai, mandazi mawili kwa kila mtu, na kijana kutoka Nairobi mwenye kompyuta na picha za ukutani. Kabla hajafungua mdomo, mama mmoja wa idara ya kufungashia alisimama akasema, "Mwanangu, sisi hatukuja kuona michoro. Pesa ziko wapi? Zionyeshwe."

Watu wakapiga makofi. Yule kijana, nampa heshima yake, alizima michoro akakaa juu ya meza akaongea.

Alisema hivi, nami naandika kama nilivyoelewa. Tangu sheria ya mafao ya kustaafu ya mwaka 1997, pesa za pensheni si mali ya mwajiri. Zinakaa mbali na akaunti za kampuni. Kuna wadhamini, ambao ndio wenye neno la mwisho, na katika mpango kama wetu nusu yao huchaguliwa na wanachama. Kuna msimamizi anayeandika nani ana nini. Kuna meneja anayeamua pesa ziwekezwe wapi. Na kuna benki inayoshika mali yenyewe, hati na hisa, ili meneja asiweze kuzigusa kwa mkono wake. Juu ya wote kuna Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, ambayo lazima iarifiwe na kuridhia mpango ukitaka kufungwa. Mfilisi kazi yake ni kuhesabu kilichopo, kulipa madeni ya mpango wenyewe, na kuhakikisha kila mwanachama amepelekwa mahali pengine na chake. Kampuni ikianguka kesho, wanaoidai hawawezi kuja kuchukua pensheni yetu.

Mama wa kufungashia akauliza, "Sasa kama hazina shida, mbona mnafunga?"

Kijana akasema ukweli, na ukweli haukuwa na hadithi. Wafanyakazi wamebaki wachache. Mpango mdogo unakula gharama zilezile za mkubwa: mkaguzi wa hesabu kila mwaka, benki, meneja, msimamizi, tozo ya mamlaka. Halafu tangu Februari 2023 viwango vipya vya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, vilipoanza, asilimia 6 kutoka kwa mfanyakazi na 6 kutoka kwa mwajiri, na kiwango cha mshahara unaokatwa kikipanda kila Februari, kampuni imejikuta inalipa pande mbili. Ikaamua wafanyakazi waliopo wahamie mpango wa pamoja, yaani mmoja mkubwa unaokusanya waajiri wengi chini ya paa moja. Sisi tulioondoka zamani tukaambiwa tuna siku 60. Unaweza kufuata wenzako kwenye huo mpango wa pamoja. Unaweza kuhamisha chako kwenye mpango binafsi wa kampuni yoyote iliyosajiliwa. Kama umeajiriwa kwingine, unaweza kukipeleka kwa mwajiri wako mpya. Na usipojibu kitu, wadhamini watakupeleka kwenye mpango wa pamoja.

"Na pesa mkononi?" Sauti ya nyuma hiyo. Hilo ndilo lililokuwa swali la wote, wengine tulikuwa na aibu tu.

Aliyefika miaka 50 anaweza kustaafu mapema na kuanza kuchukua mafao yake. Wa chini ya hapo, hakuna. Kilichofungwa kinabaki kimefungwa, mpango ufungwe usifungwe.

Nilitoka pale na karatasi yangu. Salio: shilingi 861,400. Nilisimama kando ya barabara nikaisoma mara tatu, matatu za Njoro zikinipigia honi. Laki tatu na kumi na nane zimekuwa laki nane na sitini, bila mimi kutoa jasho hata tone, bila hata kuzikumbuka. Sijawahi kumiliki kitu chochote kikanikulia hivyo. Ng'ombe wangu wa mwisho alikufa kwa homa.

Hapo ndipo leithi iliponiingia akilini, na ikakataa kutoka.

Leithi, kwa asiyejua, ni ile mashine ya kukereza vyuma. Shafti ikilika, unaifunga kwenye leithi, inazunguka, unaichonga mpaka ikae sawasawa. Mimi sina. Kila shafti ya posho mill inayoletwa kwangu naibeba hadi kwa jirani mtaa wa pili, namlipa 1,800, nasubiri zamu. Kuna wiki nabeba shafti nne. Na wiki hiyohiyo ya mkutano, kama vile shetani alikuwa na kalenda, dalali mmoja akanipigia kwamba kuna leithi ya mtumba imetoka kiwanda fulani Nairobi, kitanda cha futi sita, taya zote zipo, shilingi 480,000. Akanitumia video. Nikaisikiliza sauti ya gia, nikajua ni mashine nzuri.

Usiku nilikuwa napiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Mafundi wa jua kali wataelewa. Pesa iliyo kwenye mashine unaiona, unaipaka grisi, jioni inakuletea unga. Pesa iliyo Nairobi kwenye hati za serikali inazungumza na wewe mara moja kwa mwaka, kwa barua, kwa anwani ya posta uliyoacha kuitumia.

Kwenye kikundi kulikuwa na njia. Siku zote iko njia. Mmoja wetu alituletea "mtu wa makaratasi" anayeweza kukutolea pesa zote kwa asilimia 10. Sheria inamruhusu anayehama Kenya moja kwa moja achukue mafao yake yote. Basi yule bwana anakuandikia kwamba unahama. Viza, barua, tikiti, vyote anavyo. Nilimpigia, sitadanganya. Akaniuliza, "Unataka kuhamia wapi? Kanada inapita vizuri." Eti Kanada. Mimi ambaye baridi ya Molo hunitoa machozi.

Nilicheka, lakini sikukata simu mara moja. Nilimuuliza inachukua muda gani. Hilo nalikiri kwa sababu mke wangu alikuwa jikoni akisikia.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana utulivu wa mtu aliyezoea kusubiri watoto arobaini wanyamaze. Hakusema kitu mpaka tumemaliza kula. Kisha akaniuliza, "Baba watoto, ukishahamia Kanada, hapa tutamwambia nani afungue karakana?" Halafu akaniambia nilete karatasi zote nilizonazo za kile kiwanda. Zote.

Ninazo. Marehemu mama alinifundisha kutotupa karatasi yenye muhuri. Hati za mshahara za miaka 14 ziko kwenye mkebe wa bati chini ya kitanda, zimefungwa kwa mpira mwaka kwa mwaka. Tukakaa Jumamosi nzima, yeye akisoma mwezi mimi nikitia alama kwenye orodha ya michango ambayo msimamizi alitutolea. 2008 sawa. 2009 sawa. 2010 sawa. 2011, Mei: hakuna. Juni: hakuna. Julai, Agosti: hakuna. Septemba inarudi kama kawaida.

Miezi minne. Kwenye hati za mshahara nimekatwa. Kwenye orodha ya mpango sikuweka chochote, wala mwajiri hakuweka.

Nchi hii tumezoea kusikia waajiri, hata wa umma, wakikata watu na kutopeleka. Nilijua nimeibiwa, nikaanza kuandika ujumbe wa hasira kwenye kikundi. Mke wangu akaninyang'anya simu. "Uliza kwanza," akasema. "Ukishatukana huwezi kuuliza."

Nikauliza. Nilipiga picha zile hati nne, nikaandika barua kwa wadhamini, nikamwonyesha mzee wa bohari, ambaye kumbe aliwahi kuwa mdhamini wa wanachama kwa muhula mmoja na anajua mlango wa kubisha. Alinielekeza niandike kwamba naomba jibu la maandishi, na kwamba nisiporidhika nitalalamika kwa mamlaka, na huko nako nikishindwa lipo jopo la rufaa. "Andika kwa adabu," akasema, "lakini wajue ngazi unazijua."

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Haukuwa wizi. Mei 2011 walibadilisha programu ya kompyuta, na namba yangu ya uanachama ikagonganishwa na ya mtu mwingine. Michango yangu ya miezi minne iliingia kwa jina lake, ikawa inamzalia yeye. Huyo mtu namjua. Alikuwa dereva. Alifariki miaka mingi iliyopita, na familia yake ilishalipwa, pamoja na changu. Sikutaka mjane afuatwe kwa ajili yangu. Wakasema hafuatwi, kosa ni lao, watalifidia wao. Wakaniongezea shilingi 21,300 pamoja na riba ya miaka hiyo. Natamani ningeuona uso wa aliyepiga ile hesabu.

Hebu fikiria kama mpango haungefungwa. Ningegundua lini?

Lakini kilichoniuma hasa hakikuwa ile miezi minne. Katika yale makaratasi waliyonirudishia kulikuwa na nakala ya fomu ya warithi, ile unayotaja nani alipwe ukifa. Sikumbuki kuijaza. Lakini mwandiko ni wangu, wa ujana, wenye herufi za kujionyesha. Novemba 2000. Mrithi: mama yangu mzazi. Asilimia 100.

Mama alifariki 2016. Nilioa 2004. Nina watoto watatu, na tunamlea binti wa marehemu ndugu yangu tangu akiwa darasa la pili. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye ile karatasi. Na kwa sheria yetu, mafao ya aliyefariki hayaingii kwenye urithi wa kawaida wa mahakamani. Wadhamini ndio huyalipa, wakitazama ile fomu kwanza. Kama ningeanguka kwenye karakana siku yoyote katika miaka hiyo, wangefungua faili, wangekuta jina la marehemu, na mke wangu angeanza safari ya kuthibitisha kwamba ni mke wangu. Kule nyumbani nina binamu wawili ambao wangefurahi kumsaidia asithibitishe.

Mke wangu aliisoma ile fomu mbele yangu. Akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akaenda kuanika nguo ambazo tayari zilikuwa zimeanikwa.

Nilimfuata nje. Nikamwambia nilikuwa kijana, sikuwa nimemjua bado. Akasema, "Najua. Mwaka 2000 hukunijua. 2004 je? 2010 je?" Sikuwa na la kusema. Mtu unabadilisha laini ya simu mara tatu, unabadilisha kanisa, unahama nyumba, na kuna karatasi moja mahali inayokujua kama ulivyokuwa na miaka 22.

Baada ya hapo lile suala la wapi pa kuhamishia pesa likawa jepesi kidogo, au labda mimi ndiye niliyepunguza kelele.

Alikuja msichana mmoja wa kuuza mipango binafsi, kanifuata mpaka karakana, akakalia mtungi uliopinduliwa na koti lake safi. Sina neno baya juu yake. Alijua kazi yake. Alinieleza aina mbili: kuna ambako umehakikishiwa kwamba mtaji haupungui na unapata angalau riba fulani, na kuna ambako thamani inapanda na kushuka na soko. Yule wa hakikisho humeza mwaka mbaya, lakini mwaka mzuri nao hakupi wote. Nikakumbuka jinsi hisa za Nairobi zilivyodondoka 2023, kisha mwaka uliofuata zikainuka. Mtu wa leithi hapendi kitu kinachotikisika.

Kisha akasema la kodi. Kwamba ukichangia kwake hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, hiyo sehemu haikatwi kodi ya mapato. Nikamwambia, "Dada, mimi nalipa kodi ya mauzo, asilimia 3 ya ninachouza. Huko hakuna cha kupunguziwa." Akanyamaza, akacheka, akasema wateja wake wengi ni watu wa ofisi. Nilimpenda kwa ule ucheko. Ningekuwa naajiriwa pengine ningehamia kwake.

Nikaweka karatasi mbili kando kwa kando, ya mpango binafsi na ya mpango wa pamoja, nikajumlisha ada zote: ya msimamizi, ya meneja, ya benki, na ile iliyojificha chini kwa maandishi ya mchwa. Kwa salio langu tofauti ilikuwa karibu shilingi 9,000 kwa mwaka, mpango binafsi ukiwa ghali zaidi. Shemeji yangu aliniambia 9,000 si kitu, kwamba meneja mzuri atairudisha. Shemeji huyohuyo alinunua hatifungani ya serikali Februari 2024, ile ya miaka minane na nusu iliyotoka kwa riba ya asilimia 18.46, na tangu hapo ni mtaalamu. Lakini 9,000 ni shafti tano kwa jirani. Nitazilipa kila mwaka kwa ajili ya nini?

Faida ya mpango binafsi ni kwamba ningeweza kuongeza pesa kidogo kidogo kwa simu. Kwa mpango wa pamoja siwezi kuongeza, maana sina mwajiri ndani yake. Hilo lilinisumbua siku mbili. Kisha nikakumbuka kwamba fundi wa karakana ya pili kutoka kwangu yuko kwenye ule mpango wa Mbao uliotengenezwa kwa watu wa jua kali, shilingi 20 kwa siku, na hakuna anayenikataza kuweka akiba upande wa pili bila kuigusa ya kwanza.

Kwa hiyo, baada ya mikutano, hasira, Kanada na daftari la mtoto, nilichagua kile ambacho ningepata hata kama ningelala siku zote 60: mpango wa pamoja, pamoja na wenzangu. Mzee wa bohari aliposikia alisema, "Umezunguka Menengai yote kurudi ulipoegesha." Nilimwambia ndiyo, lakini sasa najua nimeegesha wapi.

Nikifika 50, miaka mitatu ijayo, naweza kuanza kuchukua. Theluthi moja mkononi, theluthi mbili lazima ziwe kipato: ama ninunue malipo ya kila mwezi ya maisha kutoka kampuni ya bima, ama niziache zikiwekezwa nikichota kidogo kidogo, si zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka, kwa miaka isiyopungua kumi. Au nisiguse mpaka nifikie umri wa kustaafu wa mpango. Kwa sheria ya kodi iliyoanza kutumika 27 Desemba 2024, anayesubiri umri huo anachukua mafao yake bila kodi. Hilo sijaamua. Leithi ya futi sita iliuzwa Eldoret. Dalali alinipigia kunijulisha, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Fomu mpya ya warithi nilijaza Jumapili baada ya ibada, mezani, watoto wakiwa wametumwa dukani. Mke asilimia 40. Watoto watatu, 15 kila mmoja. Binti wa ndugu yangu 15. Kwa aliye chini ya miaka 18 unaandika mlezi, nikaandika mama yao. Nilikuwa nimeanza na nusu kwa mke wangu, yeye ndiye aliyeipunguza, akasema binti asiwekewe kidogo kuliko wengine, ataiona siku moja. Nikaandika pia namba yangu ya simu ya sasa, nikafuta ile anwani ya posta ambayo ndiyo iliyokuwa inapokea barua zangu za miaka 11, kwenye sanduku la shule iliyoshafungwa. Labda ziko mle bado.

Ujumbe wa kuhamishwa ulikuja wiki jana nikiwa kwa jirani, nasubiri zamu ya leithi na shafti begani. Shilingi 889,150. Jina la ukoo wameliandika kwa herufi moja pungufu. Nimeshawapigia, wanasema watarekebisha, nimeomba waandike.

Nakala ya fomu mke wangu ameiweka kwenye mkebe wa bati, na hati zangu za mshahara, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na fomu yake mwenyewe. Ile ya kwake sikuwahi kuiona. Aliijaza Januari 2021, mpango mpya wa pensheni wa watumishi wa umma ulipoanza. Jina langu liko mstari wa kwanza, kwa wino wa bluu, na kando yake ameandika namba zangu zote tatu za simu.